Nilikosea Wapi? Swali la Mama na Asili ya Mapenzi ya Jinsia Moja

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Yupo mama mmoja wa Kisauni, Mombasa, ambaye jina lake halitatajwa hapa kwa kumstahi, aliyeujua uchungu huo kwa namna ambayo huenda wahenga wenyewe hawakuitazamia. Kila alfajiri mama huyu huketi barazani kukaanga mahamri, na mbaazi za nazi huwa zimekwisha kuiva. Kwa mahamri hayo, na kwa mshahara wa mumewe ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu baina ya Mombasa na Malaba, wamewasomesha wana wanne wa kiume. Kitindamimba alikuwa mwaka wa tatu chuoni uvumi ulipozagaa kwamba anapenda wanaume wenzake. Uvumi ulifika nyumbani kabla yake. Alipoulizwa, hakukana. Alisema kwa sauti ya chini kwamba jambo hilo amelijua tangu utotoni, kabla hajapata neno la kulitaja.

Mama hakupiga mayowe. Aliuliza swali moja tu, nalo hakumwuliza mwanawe, alijiuliza mwenyewe: "Nilikosea wapi?"

Swali hilo linakaribiana sana na swali ambalo wataalamu wamelishughulikia kwa zaidi ya karne moja: mwelekeo wa kimapenzi wa binadamu hutoka wapi? Hata hivyo, maswali haya mawili yana tofauti kubwa. Mtaalamu hutafuta sababu, ilhali mama hutafuta mkosaji. Katika Afrika Mashariki maswali haya yamechanganywa mno, hata mtu anaposema "utafiti umeonyesha", mara nyingi huwa yu mbioni kumtafuta wa kulaumiwa. Insha hii inalifuata swali la mama hatua kwa hatua, ili kuona linaishia wapi.

Jumapili iliyofuata jamaa walikutana sebuleni kwa mama huyo. Chai ya maziwa ilipoa vikombeni. Kila mmoja alikuwa amekuja na mshitakiwa wake.

Mjomba ndiye aliyefungua kikao. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, dada," alisema. "Baba yake yu barabarani mwezi mzima. Kijana kakulia jikoni, yeye na wewe na shangazi zake. Unastaajabu nini?"

Mjomba hajapata kumsoma Irving Bieber, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, lakini maneno yake yangemfurahisha bwana huyo. Mwaka 1962 Bieber na wenzake walitoa utafiti uliodai kuwa mwanamume huwapenda wanaume wenziwe kwa sababu mama alimkumbatia mno na baba akawa mbali naye. Nadharia hiyo ilitamalaki kwa miaka mingi. Dosari yake ilikuwa bayana: wote waliochunguzwa walikuwa watu waliokwisha kwenda kwa waganga wa nafsi kutafuta matibabu. Ni sawa na mtu aingiaye wodini kuwahesabu wagonjwa, kisha akatoka akitangaza kwamba taifa zima linaumwa.

Kabla yake, mwaka 1957, Evelyn Hooker alikuwa amekwisha kupita njia tofauti. Aliwachukua wanaume 30 wanaopenda wanaume na 30 wanaopenda wanawake, wote wakiwa watu wasiokuwa katika matibabu, akawapa majaribio ya kisaikolojia. Majibu yao aliwapelekea mabingwa bila ya kuwaambia lipi ni la nani. Mabingwa walishindwa kuwatenganisha. Desemba 1973 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliuondoa mwelekeo huu katika orodha ya maradhi, na tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo.

Kuhusu nguvu ya malezi, kuna kisa cha kusikitisha cha David Reimer wa Winnipeg, Kanada. Alizaliwa mwaka 1965 akiwa mvulana, uume wake ukaharibiwa na ajali ya tohara akiwa mtoto mchanga. Mwanasaikolojia John Money aliwashauri wazazi wamlee kama msichana, akiamini kuwa malezi ndiyo humfanya mtu awe mwanamume au mwanamke. Mtoto alipewa jina la kike, mavazi ya kike na homoni za kike. Yote hayo hayakufua dafu. Alipoambiwa ukweli akiwa kijana wa miaka kumi na minne, alirudi kuishi kama mwanamume, na baadaye akaoa mwanamke. Alijiua mwaka 2004. Kisa kimoja hakiwezi kuwa ushahidi wa kila kitu. Lakini ikiwa malezi yaliyopangwa na bingwa na kusimamiwa kwa miaka mingi hayakuweza kumgeuza mtoto mmoja, ni vigumu kuamini kwamba jiko la Kisauni liliweza.

Mama hakuwa na habari za Hooker wala za Reimer. Alimjibu kaka yake kwa hoja aliyokuwa nayo: "Na hao wakubwa zake watatu, kaka, hawakukulia jikoni humu humu?"

Mjomba alichukua kikombe chake cha chai akanyamaza.

Shangazi naye alilishitaki bweni. Kijana alikuwa amesomea shule ya bweni huko bara, na kwa maoni ya shangazi, hapo ndipo alipoambukizwa. Shangazi hakuwa peke yake katika rai hii. Mwishoni mwa mwaka 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Kenya, marehemu Profesa George Magoha, alisema hadharani kwamba wanafunzi wa namna hiyo wasikae katika shule za bweni. Rai hiyo hujengwa juu ya sitiari ya maradhi: kwamba jambo hili huenea kama upele, kutoka kitanda kimoja hadi kingine.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyafunga kitita kimoja: tendo na mwelekeo. Si siri kwamba vijana wanapofungiwa pamoja bila ya watu wa jinsia nyingine, baadhi yao hutenda yale ambayo wasingeyatenda kwingineko. Jambo hilo limeonekana mabwenini, magerezani na melini. Je, tendo hilo huwageuza mwelekeo? Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1994 na Kaye Wellings na wenzake uligundua kwamba waliosoma shule za bweni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuripoti tajiriba ya namna hiyo, lakini hawakuwazidi wenzao katika kuendelea nayo utu uzimani. Mfano mkali zaidi ni wa Wasambia wa Papua New Guinea, aliowaandikia Gilbert Herdt mwaka 1981. Katika jando lao la kale, kila mvulana alipitia kwa miaka kadhaa matendo ya jinsia moja yaliyoamrishwa na mila. Wakiisha kukua, takriban wote walioa wanawake na kuwatamani wanawake. Ikiwa bweni la jamii nzima, lenye amri ya wazee, halikubadili mwelekeo wa wavulana wale, bweni la bara lingewezaje?

Isitoshe, kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kusema kwamba alijijua tangu utotoni. Wengi hutoa ushuhuda wa aina hiyo. Mwandishi Binyavanga Wainaina alipojitangaza Januari 2014, aliandika kwamba alilijua jambo hilo tangu akiwa na umri wa miaka mitano, na alikuwa mtu mzima mwenye sifa duniani alipolisema. Ushuhuda wa mtu kuhusu nafsi yake hauchukui nafasi ya utafiti, lakini mtafiti anayeupuuza huwa ameamua kuutupa ushahidi wa pekee utokao ndani.

Binamu mwenye duka ndiye aliyetoa hoja ambayo wengi sebuleni waliitikia kwa vichwa. "Haya mambo si yetu," alisema. "Yameletwa na Wazungu."

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hoja hii ina njia rahisi ya kupimwa, nayo ni kuitazama lugha yenyewe. Neno shoga, kabla ya kuwa tusi, lilikuwa na lingali ni jina la upendo ambalo mwanamke humwita rafikiye wa kike. Neno hanithi lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limemhusu mwanamume asiye na nguvu za kiume na pia yule mwenye mwenendo wa kike. Msagaji limetokana na kitenzi kusaga, kwa uundaji ule ule wa msomaji. Msenge na basha ni maneno ya zamani pwani. Lugha haihangaiki kuunda majina ya vitu visivyokuwapo. Mwaka 1899 jarida la Kijerumani la ethnolojia lilichapisha maelezo mafupi kuhusu Unguja, yaliyotolewa na Michael Haberlandt wa Vienna. Maelezo yale yamejaa dharau za zama zake kwa Waafrika na kwa Waarabu. Hata hivyo yalihifadhi maneno kadhaa ya Kiswahili, likiwamo hanisi, na yakaeleza kwamba watu wa Unguja waliwatofautisha walioingia katika mwenendo huo baadaye na wale waliozaliwa nao. Hali ya hao wa pili waliiita "amri ya Muungu".

Ni vyema kulitua jambo hili na kulitafakari. Wakati Ulaya ilikuwa bado inabuni istilahi zake (neno la Kijerumani lililozaa istilahi ya kisasa lilichapishwa kwa mara ya kwanza na Karl-Maria Kertbeny mwaka 1869), wasemaji wa Kiswahili walikuwa na nadharia yao ya asili, fupi na yenye matawi mawili: kuna yatokanayo na mazoea, na kuna yatokanayo na Muumba.

Kwa upande mwingine, mtafiti asilazimishe mambo. Maneno ya kale ya pwani aghalabu hayakutaja mwelekeo wa moyo. Yalitaja nafasi ya mtu: nani ana mali na nani hana, nani yuko juu na nani yuko chini. Gill Shepherd, katika makala yake ya mwaka 1987 kuhusu Mombasa, alisisitiza kwamba hadhi na uchumi vilikuwa na uzito mkubwa katika mahusiano hayo. Vivyo hivyo, ndoa za mwanamke kwa mwanamke miongoni mwa Wanandi, Wakuria na Wakamba hazipaswi kuingizwa kapu moja na mapenzi ya jinsia moja. Mwanamke asiye na mwana wa kiume humwoa mwanamke mwenziwe ili nyumba ipate warithi. Wanandoa hao hawalali pamoja kama mume na mke, na watoto hupatikana kwa mwanamume. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya aina hii ya Wanandi katika kesi ya urithi. Kwa hiyo tendo, mwelekeo na uhusiano wa kijamii ni mambo matatu tofauti, na asili ya kila moja ni tofauti.

Kilicholetwa na Wazungu, na tarehe zake zinajulikana, ni sheria. Kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India, ya mwaka 1860, kilitungwa na watawala wa Kiingereza kuadhibu kujamiiana "kinyume na maumbile". Maneno hayo yalisafiri na dola ya Uingereza hadi makoloni mengi, nayo yamo katika kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambayo ni ya mwaka 1930. Adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 14. Uingereza ilianza kuifuta sheria yake mwaka 1967, na Mahakama ya Juu ya India ikakitengua kifungu hicho kwa watu wazima walioridhiana mwaka 2018.

Neno maumbile ndilo linalostahili kuulizwa. Ni nini hasa kilichoumbwa? Sayansi imelijibu swali hili kwa hatua za konokono. Mwaka 1991 Michael Bailey na Richard Pillard waliwachunguza wanaume wanaopenda wanaume wenye ndugu pacha. Kwa pacha wa yai moja, asilimia 52 ya ndugu zao walikuwa na mwelekeo huo huo. Kwa pacha wa mayai mawili, asilimia 22. Kwa ndugu wa kulelewa pamoja wasio na damu moja, asilimia 11. Tafiti za baadaye, zenye sampuli pana zaidi, zilipata viwango vya chini. Mwaka 1993 Dean Hamer alidai kuwa ameona dalili katika sehemu moja ya kromosomu X, na magazeti yakapiga mbiu kwamba "jeni ya ushoga" imepatikana. Mbiu hiyo ilikuwa ya haraka mno. Mwaka 2019 Andrea Ganna na wenzake walichapisha uchunguzi wa jeni za watu wapatao 477,000. Walipata sehemu tano tu zenye uhusiano wa wazi na tabia ya jinsia moja, kila moja ikiwa na athari ndogo sana. Athari zote za kijeni kwa pamoja zilieleza baina ya asilimia 8 na 25 ya tofauti baina ya watu. Hakuna jeni moja iwezayo kupimwa maabarani na kumtabiri mtu. Tena waliochunguzwa walikuwa wa nasaba ya Ulaya, jambo linaloonyesha pengo linalowangoja watafiti wa Afrika.

Zaidi ya jeni, kuna yanayotokea tumboni kabla ya mtoto kuzaliwa. Mwaka 1996 Ray Blanchard na Anthony Bogaert walionyesha kwamba kila kaka mkubwa aliyezaliwa na mama yule yule huongeza kwa takriban theluthi moja uwezekano wa mvulana afuataye kuwapenda wanaume. Ndugu wa kambo wasiozaliwa na mama huyo hawana athari hiyo, hata wakilelewa nyumba moja. Inadhaniwa kwamba mwili wa mama hujenga kingamwili dhidi ya protini za kiume kila abebapo mimba ya mvulana. Wanaozaliwa wa nne au wa tano walio wengi mno bado huwapenda wanawake, kwa kuwa uwezekano wenyewe ni mdogo tangu mwanzo. Hata hivyo, mama wa Kisauni, mwenye wana wanne, angeambiwa haya huenda angeuliza tena alikosea wapi. Jibu lingekuwa kwamba hakuna mama anayeziagiza kingamwili zake.

Muhtasari wa yote haya ni kwamba mwelekeo wa kimapenzi hauna chanzo kimoja. Sehemu yake ni ya kurithi, sehemu inaelekea kuwa ya tumboni, na sehemu bado haijaelezwa. Ushahidi kwamba hutokana na baba kuwa mbali, na mama mwenye huruma au na bweni ni dhaifu mno. Wala hakuna ushahidi kwamba mtu huketi siku moja akauchagua. Kiswahili kina neno linalobeba utata huu wote tumboni mwake: mapenzi. Neno hilo ni hisia ya moyo, na pia ni hiari, kama isemwapo "kwa mapenzi yake mwenyewe" au "mapenzi ya Mungu". Mtu hutenda kwa mapenzi yake, lakini hayaamuru mapenzi yake. Asiyesadiki na ajaribu leo kumpenda asiyempenda.

Inafaa kuuliza sasa swali hili lina uzito gani nje ya sebule ile. Februari 2014 Rais Yoweri Museveni wa Uganda aliwataka wanasayansi wa nchi yake wamweleze kama mtu huzaliwa hivyo. Ripoti yao ilisema kwamba jambo hili si maradhi, na kwamba hakuna jeni moja iliyothibitishwa kulisababisha. Rais aliishika ile sentensi ya pili, na tarehe 24 Februari akautia sahihi mswada ulioweka kifungo cha maisha. Mahakama ya Katiba iliibatilisha sheria hiyo Agosti mwaka huo kwa kuwa Bunge halikutimiza akidi, na mwaka 2023 sheria nyingine, yenye hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa, ikatiwa sahihi. Nchini Kenya, tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ilivihifadhi vifungu vya Kanuni ya Adhabu, na miongoni mwa hoja zake ilisema kwamba hakuna thibitisho la kisayansi lisilo na shaka kwamba watu hawa huzaliwa hivyo. Huko kote, kutokamilika kwa sayansi kuligeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mtu.

Hapo ndipo hoja hii inapopaswa kutazamwa upya. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, jinsia na ulemavu, ambayo aghalabu mtu huzaliwa nayo. Lakini katika sentensi hiyo hiyo imetaja dini, imani, lugha na mavazi, mambo ambayo mtu hufunzwa au huchagua. Hakuna aulizwaye kama alizaliwa na dini yake ndipo aruhusiwe kuabudu. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba watu hawa wana haki ya kusajili shirika lao. Haki hiyo ya kujumuika haikungoja jeni igunduliwe. Naye muumini anayeshika kwamba tendo hili ni haramu hapokonywi imani yake na utafiti wa pacha. Hukumu ya tendo ni mlango mmoja, na asili ya mwelekeo ni mlango mwingine. Anachoombwa ni kutoutumia mlango mmoja kuufunga mwingine, na kutomtupa mtu nje ya yote miwili.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana kazi yao mahususi hapa. Istilahi kama "mwelekeo wa kimapenzi" zingali changa, na neno mwelekeo limechaguliwa vyema kwa kuwa huonyesha upande ambao moyo unaelekea bila ya kudai nani aliuelekeza. Maneno ya zamani yanahitaji kuchunguzwa kwa uangalifu, kamusi kwa kamusi na lahaja kwa lahaja, ili lijulikane lipi ni jina, lipi ni tusi, na lipi lilianza kama jina likaishia kuwa tusi. Jamii isiyo na maneno ya kadiri hulizungumza jambo hili kwa matusi, au hunyamaza kabisa.

Sebuleni Kisauni, baada ya kila mtu kumtaja mshitakiwa wake, alibaki bibi mmoja jirani, mkongwe, aliyekuwa akisikiliza tu. Alipoombwa neno, alisema, "Mwanangu, ni amri ya Mungu. Mimi nimewaona hawa tangu mtoto." Hakuna aliyempinga, wala hakuna aliyemfuata. Kikao kiliamua kwamba dawa ni kijana aozwe haraka. Mjomba alikuwa na binamu Kwale mwenye binti. Posa ikapelekwa wiki ile ile.

Dawa za kugeuza mwelekeo zimejaribiwa kwingi. Robert Spitzer, daktari wa akili wa Marekani, alichapisha utafiti mwaka 2003 akidai kwamba baadhi ya watu wamegeuka. Mwaka 2012 aliomba radhi na kukiri kwamba utafiti wake haukuwa na mashiko. Exodus International, shirika la Kikristo lililowaahidi watu mageuzi kwa zaidi ya miongo mitatu, lilifungwa mwaka 2013 huku kiongozi wake akiwaomba msamaha waliodhurika. Ndoa ya kulazimishwa ni dawa ya aina hiyo hiyo, ila hii humeza watu wawili.

Kijana alilijua hilo. Alipopashwa habari za posa hakubisha juu ya nafsi yake. Alimwambia mama yake, "Mama, binti wa watu amekosa nini?"

Mama alikaa na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne hakukaanga mahamri. Alijitanda leso, akapanda matatu hadi kisiwani, akavuka feri ya Likoni, akaenda hadi Kwale peke yake bila ya kumwarifu kaka yake. Alimwambia mama wa binti kwamba posa imerudishwa, kwamba binti hana dosari yoyote, na kwamba aibu ya jambo hilo iwe juu yake yeye aliyeileta. Mama wa binti aliuliza kwa nini. Alijibu kwamba mwanawe hawezi kumpa mke haki yake, na kwamba yeye ana uchungu wa mwana, lakini binti huyo naye ana mama.

Mjomba alinuna kwa miezi. Baba, aliporudi kutoka Malaba, alisikiliza yote akaenda kulala bila ya kusema neno, na hadi sasa hajalisema. Kijana amerudi chuoni. Mama hajaridhia, huomba kila usiku kwamba mwanawe ageuke, na pia huomba asidhuriwe na mtu. Swali lake la kwanza halijapata jibu kamili, na kama wataalamu wanavyokiri, huenda lisipate jibu hilo katika uhai wake. Ila tangu siku ile ya Kwale, jamaa wanasema, hajasikika tena akiuliza alikosea wapi.